Fomu inataka viongozi watatu na vyeti vyao. Haboba nimwandikeje?

FundiCherehani_Makina · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Salaam aleikum wadau, na wengine wote hamjambo. Naandika nikiwa na usingizi. Nimetoka kumaliza marinda ya sketi za shule na mgongo unaniuma, kwa hivyo nikizunguka mnivumilie.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo hapa Makina, Kibra, Nairobi. Hatuna ofisi. Tuna chumba kimoja cha mabati, meza nne, taa mbili na watoto 41. Wengi ni Wanubi kama mimi, lakini wamo Wakamba, Waluhya, na ndugu watatu ambao mama yao ni Mmakonde aliyeolewa hapa. Jioni wanasoma kwetu kwa sababu kwao hakuna pa kuweka daftari. Jumamosi tunawajazia wakubwa fomu za basari. Wakifika miaka 18 tunahangaika nao mpaka wapate kipande, yaani kitambulisho cha taifa, maana bila kipande hata ukiupasua mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari namna gani, HELB wa mikopo ya chuo hawakujui, KRA wa kodi hawakujui, na laini ya simu unaazima jina la mjomba. Kazi ni hiyo. Tumeifanya tangu 2014.

Januari hii ya 2026 watoto wetu wanne walianza Gredi ya 10, lile kundi la kwanza kabisa la mtaala mpya. Mmoja aliitwa shule ya bweni ya kundi la juu, karo 53,554 kwa mwaka, na hapo hujahesabu godoro, sanduku na viatu. Sare nilimshonea mimi. Godoro lilichangwa sokoni Toi. Karo ndiyo iliyotutoa jasho, tukaanza kutafuta wafadhili kwa dhati, na tumepata fomu moja ya kurasa tisa.

Nimekwama ukurasa wa tatu. Wanataka viongozi wakuu watatu: jina, kiwango cha juu cha elimu, miaka ya uongozi, halafu maneno 150 kuhusu kila mmoja. Mwisho ni Ijumaa saa sita usiku.

Mwenyekiti hana tabu. Ni mwalimu mstaafu, ana cheti chake cha P1, cha ualimu wa msingi, na nusu ya Makina amewahi kuichapa. Mtunza hazina naye ana diploma, ingawa tangu ahamie Kitengela tunamwona WhatsApp tu. Wa tatu ndiye ameleta maneno. Jana kamati iliamua awe kijana wetu mmoja mwenye digrii ya mambo ya maendeleo, aliyejiunga nasi Septemba. Kijana mzuri, simsemi vibaya, hiyo fomu yenyewe ni yeye aliyeipata. Lakini mtoto akiwa na shida saa mbili usiku hamwendei yeye.

Anamwendea Haboba.

Kwa msiojua Kinubi, haboba ni nyanya. Huyu wetu si nyanya ya mtu mmoja. Anauza gurusa, mkate wetu wa Kinubi, na chai ya maziwa kando ya njia, na kwa kuwa biashara inamwamsha saa tisa usiku, ndiye mwenye ufunguo wa chumba. Watahiniwa wanafika saa kumi na moja alfajiri, anawafungulia, anawasha taa, anarudi kwenye jiko lake. Hajawahi kuhudhuria semina hata moja. Mkutano wa kamati ukirefuka analala akiwa amekaa, akiamka anatoa neno, na neno linakuwa hilo.

Shule ya serikali hakwenda. Alisoma chuo, yaani Kurani, kwa hivyo anasoma na kuandika vizuri kabisa, ila kwa herufi za Kiarabu. Ana daftari jeusi la gamba gumu ambamo kila mtoto ana ukurasa wake: kazaliwa wapi, cheti cha kuzaliwa kipo au kiliungua, baba ana kipande au hana, nani analala kwa shangazi, nani asirudishwe nyumbani usiku na kwa nini. Ni Kinubi na Kiswahili vimechanganywa, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwenyekiti hawezi kulisoma. Mimi nalisoma kama mtoto aliye kwenye juzuu ya Amma, kidole kwenye mstari. Kijana wetu ametengeneza jedwali zuri la rangi kwenye kompyuta, lina jina, umri na darasa. Limeishia hapo.

Leo mchana nilimwendea Haboba nikamwuliza nimwandike nini. Hakuacha kukanda. Akasema, "Andika unachopenda, binti yangu, lakini usinisomeshe uzeeni."

Sasa swali langu. Nimweke yeye awe wa tatu? Na kisanduku cha elimu nijaze nini, maana nikikiacha wazi wataona sisi ni watu wa mzaha? Au nifuate kamati, niandike digrii, tupate pesa za watoto, heshima ya Haboba tuilipe kwa njia nyingine? Msinijibu kwa mahubiri, ya Ijumaa yananitosha.

---

Mhasibu_Rongai · Jumatatu, saa 5:02 usiku

Dada, pole kwa mgongo. Mimi huwafanyia hesabu vikundi kama chenu, na nitakuuliza jambo ambalo hukuliandika. Pesa zikiingia kesho, nani anaweza kuzitoa? Sikuulizi nani anaitwa mtunza hazina. Kama ni yule wa Kitengela na zinapitia simu yake, basi huyo ndiye mkubwa wenu, mpende msipende.

Niliona kikundi kimoja mchango wa karo ukakaa wiki tatu kwenye simu ya mtu aliyelazwa hospitali, watoto wako nyumbani. Hakuiba hata shilingi. Alikuwa mgonjwa tu na PIN iko kichwani mwake. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi, watia saini watatu, wawili wakitosha kutoa, na mmoja wao awe mtu anayelala Makina.

Halafu rudi ukurasa wa kwanza wanapouliza usajili. Kama cheti chenu ni cha ofisi ya Maendeleo ya Jamii, nyinyi ni kikundi cha jamii chini ya sheria ya 2022. Usiweke alama kwenye PBO, yaani shirika la manufaa ya umma. Hiyo ni sheria nyingine, ya 2013, iliyokaa kabatini miaka kumi na zaidi ikaanza kutumika 14 Mei 2024. Watu wanazichanganya kila siku, mfadhili anatafuta jina kwenye rejesta analikosa, anadhani ni matapeli.

Ya elimu ya Haboba nawaachia wengine. Mimi ni mtu wa risiti.

---

Msoma_Fomu · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Nilifanya kazi miaka minne kwenye shirika la kutoa ruzuku, ofisi ziko Kilimani, na fomu hizi nilizisoma mpaka ndotoni. Hicho kisanduku cha elimu, dada, mara nyingi kimenakiliwa kutoka fomu ya mwaka uliopita, nayo ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliotangulia. Aliyekiweka mwanzo hayupo tena kazini. Sisi alama tulitoa kwingine. Mkuu akiugua, nani anashika? Na hawa walioandikwa, ndio tutakaowakuta?

Maana tulikuwa tunakwenda. Tukifika tunamwuliza mtoto yeyote mlangoni: mkubwa wenu hapa ni nani? Kikundi kimoja kilituandikia mkurugenzi mwenye shahada mbili. Watoto hawakulijua jina lake. Tukanywa soda, tukaaga.

Ila usimgeuze Haboba pambo. Fomu zimejaa nyanya. "Mama mwenye upendo wa kipekee", "nguzo ya jamii", nikifika hapo jicho linaruka lenyewe. Andika kazi. Anafungua saa ngapi, vijana wangapi wamepata kipande mikononi mwake, kurasa ngapi za daftari zimejaa. Kwenye elimu andika ulivyotueleza sisi, kwamba alisoma chuo na anaandika kwa herufi za Kiarabu. Kuna mtu hapa mjini mwenye digrii tatu asiyeweza hilo.

Mimi kinachonitia hofu kwenye hadithi yako ni daftari. Ni moja, na msomaji ni mmoja. Ana miaka mingapi? Hapo ndipo pana kazi, na mfadhili mwenye akili atakuuliza.

Na tafadhali, usizipige picha zile kurasa ukaambatanisha kama ushahidi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kwa taarifa za mtoto. Lakini hata sheria isingekuwepo, yule asiyefaa kurudishwa nyumbani usiku hana haja ya kujulikana Kilimani.

---

FundiCherehani_Makina · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Ana 74. Hapo kwa daftari umenigusa penyewe. Mafuriko ya 2024 maji yaliingia chumbani mpaka magotini, vitabu vya hisabati vyote tukavitupa. Daftari lilipona kwa sababu analiweka kwenye debe la unga, na debe liko juu ya kabati. Tulicheka sana siku ile. Sijui tulikuwa tunacheka nini.

---

FundiStima_Lindi · Jumanne, saa 3:48 usiku

Mimi ni mmoja wa hizo kurasa. Sitasema ya ngapi.

Nilimaliza shule nikaenda kuomba kitambulisho na wenzangu wawili wa darasa moja. Wao majina yao hayakuulizwa maswali. Mimi nikaambiwa nisubiri vetingi. Kwa wageni wa jambo hili: Mnubi alikuwa anapelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, athibitishe kuwa ni Mkenya, alete karatasi za baba, akiwa nazo aulizwe za babu. Babu zetu waliletwa hapa na Waingereza wakiwa askari wa King's African Rifles, wakakalishwa msituni, na Kibra maana yake ni msitu. Msitu wenyewe ulikuwa zaidi ya ekari 4,000. Hati ya ardhi ya jamii tuliyokabidhiwa 2017 ni ya ekari 288. Halafu mjukuu anaulizwa ametoka wapi.

Nilirudishwa mara tatu. Ya nne Haboba alifunga jiko, akaja na thamosi. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Alipoitwa hakupiga kelele wala hakumlilia mtu. Alianza kumtajia yule ofisa nyumba tulizoishi, moja moja, na majirani, na babu yangu alizikwa mwaka gani na nani alichimba. Ofisa akachoka kuandika. Kipande kilitoka baada ya miezi 14 tangu siku ya kwanza, na nafasi yangu ya chuo cha ufundi ilikuwa imeshakwenda. Niliingia mwaka uliofuata. Leo nafunga nyaya za majumba Kileleshwa.

Najua kuna maamuzi. Machi 2011 ile kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi, ikataja uraia, ikataja elimu na afya pia. Februari 2025 Rais akatangaza Wajir kwamba vetingi ya ziada ya kaunti za mpakani imefutwa. Katiba nayo, kifungu cha 56, inataka makundi madogo yapewe nafasi maalum za elimu na za kazi. Yote nayajua kwa moyo. Lakini siku ile kwenye benchi hakukuwa na kifungu, kulikuwa na thamosi.

Kwa hivyo wakiuliza miaka ya uongozi, dada, usianze kuhesabu 2014. Huyu mama alianza kabla ya kikundi.

Ila huyo kijana wa digrii msimtupe. Haboba hawezi kuingia kwenye mtandao wa HELB. Mimi nilijaziwa na binti wa saiba, duka la intaneti, kwa shilingi 100, akakosea jina la baba yangu, na kulirekebisha ilikuwa vita nyingine.

---

Mzee_wa_Baraza · Jumanne, saa 4:30 usiku

Mmeongea vizuri wote lakini kuna mtu mmemruka. Mwenyekiti anajua kwamba katibu wake ameleta mambo ya kamati kwa watu wa mtandaoni? Kamati imeshaamua Jumapili. Ukibadilisha jina kimyakimya Ijumaa usiku, hata kama uko sahihi, umempindua mzee. Nenda kwake kwanza. Nenda na sukari.

---

Seremala_Kiambaa · Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Mimi ni Mshona. Wazazi wetu walitoka Rhodesia ya wakati ule miaka ya 1960 kuja kuhubiri, wakabaki, na sisi tukazaliwa hapa Kiambu bila kuwa wa huko wala wa huku. Tunachonga fanicha, mama zetu wanasuka vikapu. Pengine kiti ulichokalia ni chetu.

Nataka kuongezea lile la Mhasibu, kwa sababu linafanana na la Haboba kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi mkubwa wetu katika mambo ya watoto na shule alikuwa seremala mmoja, mtu mzima, mwaminifu kupita kiasi. Watoto wetu walikuwa wakifika kwenye kusajiliwa mtihani wa darasa la nane, cheti cha kuzaliwa hakuna, mwalimu mkuu anasema pole. Yeye ndiye aliyekuwa anazunguka. Lakini michango ikija, haiwezi kuwekwa kwa jina lake, maana benki wanataka kitambulisho na yeye hana. Ikawa inawekwa kwa jina la rafiki wa nje, mtu mwenye karatasi. Rafiki alikuwa mwema. Lakini polepole barua zikaanza kuandikwa kwake, mikutano ikawa kwake, na wageni wakija wanamsalimia yeye kwanza. Yule mzee akawa anaambiwa kilichoamuliwa kuhusu watoto aliowabeba yeye. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilitokana na saini.

Tarehe 12 Desemba 2020 tulitangazwa kuwa raia. Mwaka uliofuata nilipata kipande nikiwa na miaka 51. Wenzangu walikwenda kula nyama, mimi nikaenda benki, nikasimama kwenye foleni nikakishika tu mkononi.

Sasa nakuuliza: Haboba ana kipande? Kama anacho, usihangaike sana na maneno 150. Mtieni saini kwenye akaunti. Fomu ikishatumwa inasahaulika, saini inabaki.

---

FundiCherehani_Makina · Jumamosi, saa 10:40 jioni

Nimerudi, nashukuru wote. Mzee wa Baraza, nilikwenda na sukari kilo mbili.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho bila kusema kitu, na mnajua mwalimu akinyamaza ilivyo. Nikamwambia na la huku mtandaoni pia, sikuficha. Akaniomba fomu. Bado anatembea na kalamu nyekundu mfukoni, miaka kumi na kitu baada ya kustaafu. Nilidhani atalikata jina la Haboba nililokuwa nimeliandika kwa penseli. Akakata la mtunza hazina. Akasema kijana abaki kwa sababu anafanya kazi, Haboba aingie kwa sababu anafanya kazi, na diploma ya Kitengela itufae siku ikirudi Kibra. Mtunza hazina alitoka kwenye kundi la WhatsApp Alhamisi saa nne asubuhi. Hilo bado linawaka, sitaki kusema limeisha, na mke wake ni mteja wangu.

Kwenye elimu niliandika: "Chuo cha Kurani, Makina. Anasoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu." Maneno 150 yalinichukua usiku mzima, muda mrefu kuliko suti ya bwana harusi. Niliondoa kila neno la sifa, nikabaki na saa ya kufungua mlango, kurasa 63 zilizojaa, na vijana 27 waliopata kipande. Ijumaa mchana nilimsomea akiwa anapanga vikombe. Alinisimamisha kwenye 27. "Ni 26," akasema. "Yule mwingine alipelekwa na mjomba wake, mimi nilimpa nauli tu." Nikarekebisha. Tulituma saa tano na nusu usiku kwa bando la kijana. Wamejibu kwamba wamepokea, hayo mengine tungoje.

Daftari sasa. Kuna wasichana wawili wa madrasa, mmoja Gredi ya 9, wanasoma zile herufi kama maji. Kuanzia kesho watakaa naye kila Jumapili baada ya adhuhuri, yeye anasoma kwa sauti, mmoja anafuatisha, mwingine anaandika kwenye daftari jipya kwa herufi hizi zetu. Nilimwambia lile la Msoma_Fomu, la taarifa za watoto. Hakujibu. Jana niliona ameanza kukunja pembe za kurasa kadhaa. Nikamwuliza ni za nini. Hizo hazinakiliwi, akasema, hizo nitamwambia mtu mmoja mdomoni. Hakusema ni nani, na mimi sikuuliza, ingawa nilitaka.

Seremala, nimelisoma jibu lako mara tatu. Kipande anacho, cha zamani, picha imefifia kidogo. Kwa hivyo Mhasibu, swali langu ni kwako: tukienda benki na muhtasari wa kikao, watia saini ni Mwalimu, mimi na Haboba. Yeye saini yake ni ya herufi za Kiarabu. Wataikubali au watatuzungusha?

---

Mhasibu_Rongai · Jumamosi, saa 11:15 jioni

Saini ni saini. Cha muhimu ifanane kila mara, kwa hivyo afanye ileile atakayoweza kuirudia mkono ukiwa umechoka. Muhtasari uwe na saini za kamati. Kila mmoja aje na kipande, nakala yake, picha ndogo na PIN ya KRA, ile namba ya mlipa kodi. Yeye PIN anayo? Wazee wengi hawana na hapo ndipo mnarudishwa nyumbani. Huyo kijana wenu anaweza kumfungulia kwenye iTax, mtandao wa KRA, ni kazi ya dakika chache mtandao usipokwama. Mkishaipata tu, mumjazie ritani ya kodi kila mwaka kabla ya 30 Juni hata kama ni sufuri, msije mkamletea faini mama wa watu.

---

FundiCherehani_Makina · Jumamosi, saa 11:52 jioni

Hana. Nimemtuma kijana sasa hivi, wako hapo nje kwenye benchi na laptopu juu ya sinia. Anamwuliza tarehe ya kuzaliwa, Haboba anamwuliza kama amekula.